Pacha wangu wamefanana kila kitu, mmoja ana pumu mwenzake hana. Mawifi wanasema nimeileta mimi

#1 Mama Kulwa na Doto

Habari zenu ndugu zangu wa humu. Nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, leo naandika kwa sababu moyo umejaa.

Nina pacha wa kike, Kulwa na Doto, wana miaka sita. Ni wale wa kufanana kabisa, hata mimi wakiwa wamelala huwa naangalia alama ya sikio ndipo nijue nani ni nani. Tangu mimba kipimo kilionyesha kondo ni moja. Walizaliwa kabla ya siku, wiki ya 33. Kulwa alikuwa na kilo 2.1, Doto kilo 1.6.

Walipofika miezi saba wote wawili walishikwa na mafua. Ya Kulwa yaliisha kwa siku nne. Ya Doto yalishuka kifuani, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, tukalazwa siku tisa yuko kwenye oksijeni. Mama yangu alikuja kutoka Magu kunisaidia, akaona siwezi wawili, akaondoka na Kulwa. Ilikuwa iwe miezi miwili. Kulwa alikaa kwa bibi yake hadi alipofika miaka minne.

Doto alibaki na mimi hapa Dar, Buguruni, hatua chache kutoka barabara ya Mandela. Tangu kule kulazwa kifua chake hakijatulia. Akicheka sana anakohoa. Mvua ikianza usiku nalala nimekaa. Mwaka jana hospitali wakasema rasmi ni pumu. Kulwa hana kitu, anakimbia kutwa nzima.

Sasa kaka yangu mkubwa ana pumu tangu utoto. Kwenye kikao cha familia mwezi uliopita wifi mmoja akasema mbele ya watu: "Pumu ni ya kwao, ametuletea ndani ya ukoo." Mume wangu alikaa kimya.

Naomba kuuliza. Kama ni ya kurithi, mbona Kulwa hana? Na kama si ya kurithi, nilimfanya nini Doto?

#2 Msukuma wa Ngudu

Dada pole sana. Hilo neno la wifi limenichoma hata mimi nisiyehusika. Mtoto anaumwa, badala ya kuuliza dawa mnauliza kwao nani.

#3 Bint Pemba

Pole mama mapacha. Kwetu mtoto wa kifua tunampa habbat soda na asali, na nyumba inafukizwa ubani jioni kutoa hewa mbaya. Dada yangu alipona kwa hivyo. Mwenyezi Mungu akushushie wepesi.

#4 Tabibu wa Kifua

Mama Kulwa, nimefanya kazi kliniki ya watoto miaka mingi, na hilo swali la wifi nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mama amempakata mtoto, kifua kinapiga mluzi, na nyuma yake amesimama shangazi anauliza, "Kwao mama kuna mwenye pumu?" Niruhusu nijibu kwa urefu.

Ni kweli pumu inarithiwa, sitakudanganya. Mtoto mwenye mzazi au ndugu wa karibu mwenye pumu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata. Huko Sweden mwaka 2016 walichapisha utafiti wa pacha zaidi ya 25,000, wakakadiria kwamba urithi unachangia takriban asilimia 80. Wifi akiiona namba hiyo atasema nilisema mimi.

Lakini namba hiyo haisemi kwamba asilimia 80 ya pumu ya Doto imetoka kwenye damu na 20 kwenye hewa. Inapima kitu kingine: kati ya watoto wa nchi moja, wanaoishi maisha yanayokaribiana, tofauti ya mgonjwa na mzima imetokana na nini. Chukua kijiji ambacho kila nyumba wanapikia kuni ndani. Moshi wanauvuta wote sawasawa. Watakaougua ni wale ambao njia zao za hewa zilikuwa nyepesi kuumia tangu kuzaliwa. Ukipiga hesabu kijijini hapo utaona vinasaba vimefanya kila kitu na moshi haukufanya lolote, kwa sababu moshi haumtofautishi mtu na mwenzake. Uondoe huo moshi uone wangapi wangeugua.

Pili, hakuna jeni moja la pumu ambalo mtu "analeta" kama mahari. Hadi sasa sehemu za vinasaba zilizohusishwa na pumu zimepita mia moja, na kila moja inasukuma kidogo tu. Nusu Doto alipewa na wewe, nusu na baba yake, na mtu anaweza kubeba nyingi za hizo bila kukohoa hata siku moja maishani. Kaka yako anaonekana kwa sababu yeye aliugua. Huko kwa mumeo huenda wamo wabebaji kumi wazima wa afya, hakuna anayewahesabu.

Tatu, kuhusu pacha wako. Wao walianza na vinasaba vilevile. Pacha wa kufanana hupata pumu wote wawili mara nyingi zaidi kuliko pacha wa kawaida, ila si kila mara, na kliniki nimewaona wa aina ya Kulwa na Doto. Kwa hiyo kilichowatenganisha kilitokea baada ya yai kugawanyika, na hadithi yako inayo mambo matatu. Uzito: tumboni kondo moja haligawi chakula sawa kila mara, na mtoto aliyezaliwa mdogo na kabla ya siku, mapafu yake huanza safari nyuma ya mwenzake. Mafua yaliyoshuka kifuani: hilo ni zito, nitalirudia. Na Magu.

Nataka niwe mwaminifu hapa. Huwezi kusema Magu ndiyo iliyomkinga Kulwa, kwa sababu Doto alishaanza kupiga mluzi kabla Kulwa hajapanda basi. Kulwa alikwenda Magu *kwa sababu* Doto aliugua. Mambo hayo mawili yamefungana, na kwa watoto wawili tu hakuna anayeweza kuyafungua.

Swali lako la mwisho, ulimfanya nini Doto: ulimpeleka hospitali, akapona.

#5 Mama Kulwa na Doto

Tabibu, sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi. Asante.

Nieleze hapo kwenye Magu. Kwa mama kuna ng'ombe kama thelathini, zizi liko mlangoni kabisa. Kulwa alitambaa humo, alikula mpaka udongo, nilikuwa nikienda nalia namna nilivyomkuta. Ina maana yale mazingira yangeweza kuwa na faida?

#6 Tabibu wa Kifua

Inawezekana, na hili ni jambo ambalo sisi madaktari wenyewe lilitushangaza. Ngoja nianzie Ujerumani.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 na nchi ikaungana mwaka uliofuata, daktari wa watoto wa Munich, Erika von Mutius, na wenzake walipata nafasi ambayo haijirudii: taifa moja, damu moja, lililoishi miaka 40 katika mazingira mawili. Mashariki, miji kama Leipzig na Halle, hewa ilikuwa chafu ya makaa ya mawe na viwanda. Walitarajia pumu iwe kubwa huko. Wakakuta bronkaiti, yaani uvimbe wa mirija ya hewa, ni nyingi Mashariki kweli, lakini pumu na mzio wa chavua vilikuwa vingi zaidi Magharibi kwenye hewa nzuri. Hapo ndipo von Mutius alipoanza kutafuta kitu ambacho maisha ya kisasa *yameondoa*, badala ya kutafuta tu yalichoongeza, na utafutaji huo ukamfikisha mashambani, kwenye mazizi ya ng'ombe.

Baadaye likaja jambo la Waamish na Wahutterite, ambalo nalipenda kuliko yote. Ni jamii mbili za Kikristo zilizohamia Marekani kutoka Ulaya, moja ina asili ya Uswisi, nyingine ya Tirol Kusini. Zinaoana zenyewe kwa zenyewe, zina familia kubwa, zinanyonyesha muda mrefu, chakula kinafanana, hawafugi mbwa wala paka ndani. Vinasaba vyao vilipolinganishwa vilikuwa karibu sana. Tofauti ni kilimo. Waamish wa Indiana kila familia ina shamba lake dogo la ng'ombe wa maziwa, wanalima kwa farasi, banda liko jirani na nyumba, watoto wanaingia na kutoka. Wahutterite wa South Dakota wanalima kwa pamoja, mashine kubwa, mifugo iko mbali na makazi, mtoto mdogo hafiki.

Pumu kwa watoto wa Waamish ilikuwa takriban asilimia 5. Kwa Wahutterite asilimia 21.

Watafiti, Carole Ober wa Chicago akiwemo pamoja na huyo huyo von Mutius, walichukua watoto 30 kila upande. Kati ya Waamish hakukuwa na mwenye pumu hata mmoja, kati ya Wahutterite walikuwa sita. Wakakusanya vumbi la ndani ya nyumba zao. Vumbi la Waamish lilikuwa na endotoksini, yaani mabaki ya ganda la bakteria, karibu mara saba zaidi. Kisha wakawavutisha panya vumbi hilo. Panya waliovuta vumbi la Waamish njia zao za hewa zilikingwa dhidi ya hali inayofanana na pumu, waliovuta la Wahutterite hawakukingwa. Na walipotumia panya ambao wamenyimwa molekuli za kupeleka ishara ambazo kinga huzitumia kuwaitikia bakteria, ule ulinzi ukatoweka. Hiyo ilichapishwa mwaka 2016.

Maana yake ni kwamba kinga ya mtoto mchanga inahitaji kufundwa. Ikikutana mapema na vijidudu vingi vya aina nyingi, hasa vya mifugo, inajifunza kutulia. Isipokutana navyo, baadaye inaweza kupigana na vumbi la godoro kama vile limekuja kumuua mtu.

#7 Njiapanda ya Himo

Heshima kwako Tabibu, umeandika vizuri, lakini nina shida. Waamish, Wahutterite, Wajerumani. Sisi tunawahusu vipi? Mtoto wa Buguruni na mtoto wa Indiana wapi na wapi? Kila mara tunaletewa mfano wa watu wengine halafu tunaambiwa ndiyo sisi.

#8 Kamau wa Thika

Hapa Kenya kuna utafiti wa 1998. Watoto wa shule za Nairobi na wa Murang'a walikimbizwa kisha wakapimwa pumzi. Waliobanwa kifua baada ya kukimbia Nairobi walikuwa kama asilimia 23, Murang'a kama 13. Hao ni watu wale wale, wengi wa Nairobi babu zao wametoka huko huko milimani. Baba yangu alikuwa akisema tulipohamia mjini ndipo tulipoanza kununua dawa za kifua, nilidhani ni maneno ya wazee.

#9 Tabibu wa Kifua

Njiapanda, swali lako ni la haki na Kamau amelijibu nusu. Ethiopia nako, mjini Jimma na vijiji vyake, miaka ya 1990 walikuta tofauti ya aina hiyo kati ya mjini na shamba.

Nusu nyingine iko upande wako na inaniuma: tafiti nyingi za vinasaba vya pumu zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Sisi Afrika ndiko kwenye utofauti mkubwa wa vinasaba kuliko popote duniani, na sisi ndio tuliochunguzwa kidogo. Kuna alama za jeni zinazoonekana wazi kwa Wazungu ambazo kwa watu wenye asili ya Afrika uhusiano wake ni hafifu au umekaa sehemu tofauti kidogo. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia kipimo cha vinasaba cha "pumu ya mtoto", weka hela yako mfukoni. Naleta mifano ya mbali kwa sababu inaonyesha *utaratibu* wenyewe unavyofanya kazi, na mapafu ya mtoto wa Buguruni yana vipokezi vilevile.

#10 Babu wa Karagwe

Wajukuu zangu, mimi nimezaliwa ndani ya ng'ombe. Nimenywa maziwa, nimelala na ndama. Na pumu ninayo tangu nikiwa mdogo sana, mpaka leo natembea na pampu. Msije mkawaambia watu ng'ombe ni dawa.

#11 Tabibu wa Kifua

Shikamoo babu. Asante kwa kulisema hilo, limenifaa zaidi ya kurasa kumi zangu.

Ulinzi wa zizi unaonekana ukihesabu watoto mamia, haumfuati kila mtoto mmoja mmoja. Hata kwa Waamish wapo wenye pumu. Tena kijiji chetu kina kitu ambacho shamba la Indiana halina: jiko la mafiga ndani ya nyumba, mama amembeba mtoto mgongoni, macho yanawatoka machozi wote wawili. Ng'ombe wanafundisha kinga nje, moshi unaunguza njia za hewa ndani. Babu, mlikuwa mkipikia wapi?

#12 Babu wa Karagwe

Marahaba. Ndani ya msonge, katikati. Paa lote jeusi kwa masizi. Na mimi nilikuwa kitinda mimba, nilikaa jikoni na mama kuliko wenzangu wote.

#13 Msukuma wa Ngudu

Huku kwetu jiko lina nyumba yake pembeni, watoto wako nje na mifugo kutwa. Sikuwahi kuwaza kwamba mahali lilipo jiko ni jambo la afya ya kifua.

#14 Tabibu wa Kifua

Sasa nirudi kwenye vinasaba, maana hapa ndipo jibu la kweli la Mama Kulwa lilipo.

Mwaka 2007 watafiti waligundua sehemu ndogo kwenye kromosomu ya 17 inayohusiana na pumu ya utotoni. Hapo kuna majeni yanayoitwa ORMDL3 na GSDMB. Kuna matoleo yake, na toleo mojawapo likaitwa toleo la hatari. Ikaonekana kama kesi imekwisha: aliyenalo yuko mashakani, asiyenalo salama. Halafu watu wakaanza kuuliza, hatari *wapi*?

Ufaransa mwaka 2008 wakapima familia zenye pumu na kukuta toleo hilo linahusiana na pumu inayoanza mapema utotoni, na uhusiano huo ni mkubwa zaidi kwa watoto waliokulia kwenye moshi wa sigara. Mwaka 2013 wakaangalia watoto wa Wisconsin na Copenhagen waliofuatiliwa tangu kuzaliwa. Kuna virusi vya mafua ya kawaida vinaitwa rhinovirus. Wale wenye toleo la hatari waliougua mafua ya virusi hivyo hadi kifua kikapiga mluzi wakiwa wachanga, wengi waliishia na pumu. Wenye toleo lile lile ambao hawakuugua hivyo, uhusiano wa jeni na pumu haukuonekana. Fikirini hilo. Jeni lipo, ugonjwa haupo, kwa sababu kitu fulani hakikutokea katika miaka mitatu ya kwanza.

Kisha mwaka 2016 ukaja utafiti wa watoto wa vijijini katika nchi tano za Ulaya, ambao mama zao waliandikishwa wakiwa wajawazito. Watoto wenye toleo hilo hilo "la hatari" waliokuwa wakipelekwa kwenye mazizi ya wanyama wakiwa wachanga walipiga mluzi *kidogo*. Walifaidika na zizi kuliko watoto wenye toleo "zuri".

Mimi nililazimika kuusoma mara mbili. Jeni lile lile, ndani ya moshi linamuumiza mtoto, ndani ya zizi linamkinga. Basi kuliita jeni baya si sahihi. Ni jeni lenye masikio makali: linasikia kila kinachotokea kwenye hewa ya mtoto na kukiitikia kwa nguvu, kiwe cha heri au cha shari.

Mama Kulwa, sijui kama wanao wana toleo hilo, na hakuna haja ya kupima. Ila ukiambiwa tena "umeleta pumu", ujue kwamba hata kama ulitoa kitu, ulikitoa kwa wote wawili, na kwa Kulwa hicho hicho hakijamdhuru.

#15 Mama Kulwa na Doto

Nimempa baba yao simu asome kuanzia juu. Amesoma usiku mzima, hakusema neno. Asubuhi akauliza jambo moja: sigara anayovuta barazani, mlango ukiwa umefungwa, nayo inahesabika?

#16 Tabibu wa Kifua

Inahesabika. Moshi unapita chini ya mlango, unakaa kwenye shati na nywele, na mtoto analalia shati hilo. Mwambie nimemheshimu kwa kuuliza. Akihitaji msaada wa kuacha aje kliniki yoyote aseme wazi, watu wanaacha kila siku.

Na kwa wajawazito wanaosoma hapa: moshi wa sigara unafika tumboni. Watoto waliozaliwa na mama wavutaji wameonekana na alama za kikemikali juu ya vinasaba vyao, herufi zenyewe hazikubadilika lakini namna zinavyowashwa na kuzimwa imebadilika. Mazingira yanaandika juu ya urithi kabla mtoto hajapewa jina.

#17 Bint Pemba

Tabibu, na ubani je? Nimeona umenyamaza, nikahisi umenistahi.

#18 Tabibu wa Kifua

Nilikustahi, na sasa nakujibu. Oman, ambako udi na ubani ni sehemu ya nyumba kama hapo Pemba, waliwauliza watoto wa shule. Nyumba zinazochoma ubani hazikuwa na wagonjwa wengi wa pumu kuliko zisizochoma. Lakini kwa mtoto ambaye *tayari* ana pumu, ubani ulikuwa unamwamsha kifua mara nyingi. Hizo ni habari mbili tofauti na watu wengi tunazichanganya: kuna kinachouanzisha ugonjwa na kuna kinachouamsha. Kwa hiyo fukiza mtoto akiwa ametoka, fungua madirisha, arudi harufu imepungua. Asali kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja haina neno, lakini isikae mahali pa dawa yake.

Pwani mna jambo jingine, unyevu. Utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho, unapenda sana magodoro ya sufi na mito penye unyevu wa hewa ya bahari. Anika godoro juani, fua mashuka kwa maji ya moto.

#19 Nesi wa Zamu

Naomba niingie maana bado hakuna aliyeuliza dawa na mtoto anaumwa leo. Mama Kulwa, Doto anatumia nini?

#20 Mama Kulwa na Doto

Pampu ya bluu akibanwa. Waliniandikia na ya kahawia ya kila siku, lakini mama mmoja hapa mtaani aliniambia ukimzoesha pampu mtoto hataweza kuishi bila hiyo. Niliiweka kabatini.

#21 Nesi wa Zamu

Mama yangu, itoe kabatini leo, angalia tarehe ya kuisha, kisha mrudishe kliniki wakupangie upya.

Ya bluu ni salbutamol, inafungua mirija iliyobana, inafanya kazi dakika chache na inaisha. Haigusi kidonda kilichomo ndani. Ya kahawia ni beclometasone, inapoza uvimbe taratibu, lazima iwe kila siku kama walivyoandika hata akiwa mzima anaruka. Haizoeshi. Mtoto anayetegemea ya bluu peke yake kila siku, huyo ndiye anayenitisha, maana kifua kinaungua chini kwa chini na siku moja ya bluu inashindwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 455,000 vya pumu kwa mwaka 2019, vingi katika nchi kama zetu, na hiyo ya kukosa dawa ya kahawia ni sababu kubwa.

Pampu usimpulizie moja kwa moja mdomoni, dawa inaishia kooni. Tumia spesa, kile kichupa kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Kama hakuna, chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, ioshe kwa maji ya sabuni iache ikauke yenyewe bila kufuta, toboa kitako chake kwa waya wa moto kwa kipimo cha mdomo wa pampu, ibane isivuje. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita. Hii si kubahatisha, Cape Town waliilinganisha na spesa za dukani mwaka 1999 na chupa ikafanya kazi vizuri kwa watoto. Baada ya ya kahawia asukutue.

Na hizi ukiziona usisubiri asubuhi: hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, anasinzia ovyo, au ya bluu haimsaidii. Toka na pampu mkononi, endelea kumpulizia njiani.

#22 Mbongo wa Lewisham

Nimesoma yote nikiwa hapa London. Mtaa wangu aliishi mtoto Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa, pumu kali. Nyumba yao ilikuwa karibu na barabara ya South Circular. Mama yake alipigana miaka mingi, na Desemba 2020 uchunguzi wa kifo ukaamua kwamba hewa chafu ya magari ilichangia. Alikuwa wa kwanza Uingereza kuandikiwa hivyo. Miaka yote ile swali lilikuwa kwenye mwili wa mtoto, na barabara ipo hapo hapo dirishani. Mama Kulwa uliposema Mandela nilishtuka. Kama hamuwezi kuhama, kitanda cha Doto kiwe chumba cha nyuma.

#23 Mama Kulwa na Doto

Nimerudi baada ya wiki tano, samahani kwa ukimya.

Kliniki wamempangia ya kahawia asubuhi na jioni. Chupa nimetoboa, ya kwanza niliiharibu, ya pili imekaa. Jiko la mkaa limetoka nje hata mvua ikinyesha, ile dawa ya mbu ya kuchoma nimeacha, tunalala kwenye chandarua. Kitanda kimehamia chumba cha nyuma. Baba yao amefikisha siku 19 bila sigara. Doto wiki hizi mbili za mwisho ameamka usiku mara moja tu.

Wifi alikuja Jumapili. Mume wangu ndiye aliyeongea safari hii. Alimwambia dada yake kwamba watoto ni wa kwao wote na kifua cha Doto ni cha nyumba yao wote. Kisha shangazi yao mkubwa, ambaye sijawahi kumsikia akitaja ugonjwa, akasema yeye utotoni Kilosa alikuwa akiitwa "kifua", alikuwa halali akiwa amelala chali.

Nina swali la mwisho. Desemba Kulwa anakwenda Magu kumsalimia bibi. Doto analia naye anataka. Nimpeleke? Na ng'ombe watamsaidia?

#24 Tabibu wa Kifua

Mpeleke akamuone bibi yake, hiyo inatosha kuwa sababu. Zizi kwa umri wake halitamponya. Kile kipindi cha kufundwa ni tumboni na miaka michache ya mwanzo. Vumbi la banda linaweza hata kumwamsha kifua, kwa hiyo akae mbali wanapofagia. Maziwa yachemshwe, mabichi yanaweza kuwa na brusela, bakteria wa mifugo anayeambukiza watu. Dawa zote mbili zisafiri naye kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye buti la basi. Na mwulize bibi jiko liko wapi.

#25 Mama Kulwa na Doto

Nimempigia sasa hivi. Jiko liko nyumba ya pembeni, lakini wakati wa mvua huwa anahamishia mafiga ndani wanapolala watoto. Nilipomweleza akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza Doto analala upande gani wa kitanda, na kama ile chupa ataweza kuitumia mwenyewe au amshikie.

Nimemwambia amshikie.